Lugha ya bc na Nambari Kubwa: Mfano wa Zaire na Faranga

Faranga ya Kongo iliyotolewa mwaka 1998 ilichukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Zaire mpya, iliyotolewa Oktoba 1993, ilichukua nafasi ya zaire 3,000,000 za kwanza. Na zaire ya kwanza, ilipoanzishwa Juni 1967, iligawanywa katika makuta 100, na kila likuta katika sengi 100. Mwanafunzi yeyote wa sekondari mjini Kalemie aweza kuzidisha nambari hizi kwa kalamu na karatasi na kupata kwamba faranga moja ni sawa na zaire 300,000,000,000, au sengi 3,000,000,000,000,000.

Taabu huanza pale anapotaka chombo kimfanyie kazi hiyo. Kikokotoo cha mfukoni chenye nafasi ya tarakimu 8 hushindwa katika kuzidisha kwa kwanza tu. Kile cha mezani chenye tarakimu 12 huonyesha zaire zote bila nafasi hata moja kubaki, lakini kikiulizwa makuta hakina pa kuziandika. Programu ya Excel, ambayo ofisi nyingi huitegemea, hutunza tarakimu 15 za maana. Ikiandikiwa sengi 3,000,000,000,000,001, yaani faranga moja na sengi moja, huigeuza ile moja ya mwisho kuwa sifuri bila kumwarifu aliyeandika. Hali hii ni ya kutia wasiwasi zaidi kuliko ile ya kikokotoo cha mfukoni, kwa kuwa kikokotoo angalau hukiri kuwa kimeshindwa.

Makala haya yanaeleza lugha ndogo ya kompyuta iitwayo bc, ambayo nambari zake hazina ukomo isipokuwa ukubwa wa kumbukumbu ya mashine. Yanaitazama kwa jicho la mwanaisimu zaidi kuliko la mwanahisabati. Yatadai kuwa wingi wa tarakimu si jambo kubwa kuliko yote katika bc. Jambo kubwa ni kwamba lugha hii humlazimu msemaji atangaze mambo ambayo Kiswahili, kama lugha yoyote ya watu, huyaachia muktadha: nambari inaishia wapi, neno moja linatawala maneno mangapi, na “kumi” ni kumi ya nani. Anayechukua kiasi kilichoandikwa kwa Kiswahili na kukiingiza katika bc anafanya tafsiri, na makosa mengi hutokea katika tafsiri hiyo kabla hesabu haijaanza.

Asili yake

Lugha ya bc ilitungwa na Lorinda Cherry na Robert Morris katika maabara za Bell nchini Marekani, ikajulikana pamoja na toleo la sita la mfumo wa Unix mwaka 1975. Kabla yake palikuwa na ndugu yake mkubwa, dc, iliyotungwa na hao hao. Katika dc vitu huja kwanza na kitendo huja mwisho: anayetaka kujumlisha tatu na nne huandika “3 4 +”. Mwanaisimu wa Afrika Mashariki hatashangaa, kwa kuwa Kisomali na Kioromo huweka kitenzi mwishoni mwa sentensi vivyo hivyo. Lakini watu wengi waliosomea hesabu shuleni huandika “3+4”, na bc ilitungwa kwa ajili yao. Hapo mwanzo bc haikukokotoa chochote: ilipokea sentensi ya mpangilio wa shuleni, ikaigeuza kuwa sentensi ya dc, kisha ikampa dc aijibu. Ilikuwa mkalimani kwa maana kamili ya neno hilo.

Mwaka 1991 Philip A. Nelson alitoa bc ya mradi wa GNU, inayojibu maswali yenyewe, na mwaka 1992 lugha hiyo ikaingizwa katika kanuni za POSIX zinazosawazisha mifumo ya jamii ya Unix. Leo hupatikana katika kompyuta nyingi za Linux, na mwenye simu ya Android aweza kuiweka ndani ya programu ya Termux. Ikishawekwa haihitaji mtandao. Kwa mji ambao mawasiliano na umeme hukatika, sifa hiyo si ndogo.

Mtumiaji huandika bc kwenye mstari wa amri, kisha huandika hesabu yake na kubonyeza kitufe cha kuingiza:

3000000*100000
300000000000

2^100
1267650600228229401496703205376

Alama ^ ni ya kipeo. Jibu la pili lina tarakimu 31, na hakuna hata moja iliyokadiriwa. Sababu ni kwamba bc hutunza nambari kama mnyororo wa tarakimu za kumi na kuzidisha kwa njia inayofanana na ile ya ubaoni, tarakimu kwa tarakimu, ikibeba mkononi. Programu nyingi nyingine huipa kila nambari nafasi ya ukubwa uliokwisha kuamuliwa na kuitunza kwa kizio cha mbili. Katika mpango ulioenea zaidi, nambari nzima hutunzwa bila pengo hadi 9,007,199,254,740,992 tu. Kwa sengi, hiyo ni thamani ya faranga tatu na kitu kidogo. Kuanzia faranga nne, sengi moja ikiongezwa hupotea. Aidha sehemu ya kumi, 0.1, haiwezi kuandikwa sawasawa kwa kizio cha mbili, kama vile theluthi isivyoweza kuandikwa sawasawa kwa desimali. Ndiyo maana programu hizo zikijumlisha 0.1 na 0.2 mara nyingine hutoa 0.30000000000000004, ilhali bc hujibu .3 pasipo ziada. (Sifuri ya mbele bc haiiandiki, jambo linalowasumbua wageni kwa siku ya kwanza.)

Sarufi

Sentensi za bc ni za aina mbili kuu. Usemi kama “3+4” ni swali, na hujibiwa papo hapo. Usemi kama “x=5” ni tamko, na bc hulipokea kimya. Mwisho wa mstari hufanya kazi ya nukta. Vigeu, yaani majina yanayobeba thamani, huandikwa kwa herufi ndogo, na POSIX hairuhusu zaidi ya herufi moja kwa jina, ingawa bc ya GNU hukubali majina marefu.

Herufi moja yaweza kuwa majina matatu kwa wakati mmoja. Kigeu x, safu x[ ] na fanksheni x( ) ni vitu vitatu visivyohusiana, na bc haivichanganyi. Msomaji wa Kiswahili anaifahamu hali hii. “Paa” ni mnyama, ni sehemu ya juu ya nyumba, tena ni kitenzi cha kwenda juu, na muktadha wa kisarufi ndio unaoamua. Tofauti ni kwamba katika Kiswahili huenda muktadha usitoshe na msikilizaji akauliza, lakini katika bc mabano hutosha daima.

Jambo la kufundisha zaidi kwa mwanaisimu ni vizio. Kigeu maalumu ibase hueleza nambari zinazoingia zisomwe kwa kizio kipi, na obase hueleza majibu yaandikwe kwa kizio kipi. Vyote viwili huanza vikiwa kumi. Mtu akiandika ibase=2, nambari zote zifuatazo husomwa kwa kizio cha mbili. Akimaliza na kutaka kurudi kwenye kumi, huandika ibase=10, na hakuna kinachobadilika. Kwa kuwa kizio sasa ni mbili, maandishi “10” maana yake ni mbili. Ameiambia bc ibaki pale ilipo. Njia iliyo salama ni kuandika ibase=A, kwa kuwa herufi A ikiwa peke yake ni kumi katika kila kizio.

Wanaisimu huyaita maneno kama “mimi”, “hapa” na “leo” vielekezi: maana yake hutegemea nani anasema, wapi na lini. Barua isiyo na tarehe inayosema “nitafika kesho” haimsaidii mtu. Watu wengi hudhani kuwa tarakimu ziko nje ya mambo hayo, kwamba 10 ni 10 popote. Mfano wa ibase unaonyesha kwamba 10 nayo ni kielekezi, ila jamii nzima imekubaliana juu ya muktadha mmoja kiasi cha kusahau kuwa muktadha upo.

Kanuni za nani atangulie zinatofautiana kidogo na za shule. Vipeo vikifuatana husomwa kutoka kulia, hivyo 2^3^2 ni 512, si 64. Alama ya hasi iliyotangulia nambari hushikamana nayo kabla ya kipeo, hivyo -2^2 katika bc ni 4, ilhali vitabu vya hesabu vingesema -4. Anayetilia shaka na aweke mabano.

Usahihi unaotangazwa

Mtu akiifungua bc na kuuliza 1/3, hujibiwa 0. Wengi hufikiri programu imeharibika. Kumbe bc hufuata kigeu maalumu kiitwacho scale, yaani hesabu ya tarakimu zitakazobaki baada ya nukta, na scale huanza ikiwa sifuri. Kila mtu lazima aseme anataka tarakimu ngapi:

scale=20
1/3
.33333333333333333333

Hapa kuna kanuni mbili zinazopaswa kujulikana kabla ya kuigusa fedha. Ya kwanza ni kuwa bc hukata, haikadirii. Kwa scale=4, 2/3 ni .6666, wala si .6667. Ya pili ni kuwa katika kuzidisha, scale si sheria ya mwisho: jibu hubaki na tarakimu nyingi kadiri ya ile kubwa kati ya scale na tarakimu za vizidishwa, bila kupita jumla yao. Matokeo yake ni kwamba kwa scale sifuri, 1.5*1.5 hujibiwa 2.2. Fundi aliyepima chumba cha mita 1.5 kwa 1.5 amepoteza sehemu ya eneo lake bila onyo.

Uzito wa kanuni ya kwanza unaonekana katika historia ya fedha yenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1992 ilitolewa noti ya zaire 5,000,000. Wafanyabiashara wengi waliikataa, na Januari 1993 askari waliolipwa kwa noti hizo mjini Kinshasa walifanya ghasia zilizoua watu wengi, akiwemo balozi wa Ufaransa. Oktoba mwaka huo huo zaire mpya ilitangazwa kwa kiwango cha milioni tatu kwa moja. Katika Kasai watu waliikataa zaire mpya na kuendelea kutumia za zamani. Mwenye noti ya milioni tano alistahili zaire mpya ngapi?

scale=2
5000000/3000000
1.66

Zaire mpya nayo ilikuwa na makuta mapya 100, hivyo jibu ni zaire 1 na makuta 66, na theluthi mbili za likuta zimekatwa. Anayekadiria angetoa makuta 67, na theluthi moja ya likuta ingetoka kwa mlipaji. Kigawanyo kingekuwa milioni mbili au milioni tano, swali hili lisingezuka, kwa kuwa mgawanyo ungekoma. Tatu haimalizi kugawa kumi, kwa hiyo mtu fulani ni lazima apoteze kitu kila mara noti moja inapobadilishwa. Mwenye noti tatu naye aona hivi:

3*(5000000/3000000)
4.98
3*5000000/3000000
5.00

Sentensi hizi mbili ni sawa katika hisabati, na katika bc si sawa. Ya kwanza inabadilisha kila noti peke yake na kukata mara tatu. Ya pili inazijumlisha noti kwanza, kisha inabadilisha jumla. Karani anayefuata njia ya kwanza na mwenzake anayefuata ya pili watatofautiana kwa makuta mawili katika noti tatu, na wote wawili watasema kwamba mashine ndiyo iliyosema. Anayetaka kukadiria hana budi kuiagiza bc afanye hivyo: afanye hesabu kwa tarakimu moja zaidi, aongeze .005, halafu arudi kwenye scale=2 na kugawa kwa 1.

Wingi wa tarakimu, kwa upande mwingine, haufanyi tarakimu zote ziwe za kweli. Ikifunguliwa kwa amri bc -l, lugha hii hupata fanksheni za sini, kosini, logi na nyinginezo, na scale huwekwa 20. Fanksheni a( ) hutoa pembe kutokana na tanjenti yake, kwa hiyo 4*a(1) ni njia ya kupata pai. Hujibiwa 3.14159265358979323844, ilhali pai huendelea ...846. Robo yake ilikatwa kwenye tarakimu ya ishirini, na kile kilichokatwa kikazidishwa kwa nne. Anayetaka tarakimu 20 za kuaminika na aombe 25, kisha aache tano za mwisho.

Mahali tafsiri inapokosea

Katika Kongo, kwa desturi iliyotokana na Kifaransa na Ubelgiji, mkato hutenga desimali na mara nyingi nukta hutenga maelfu. Ng’ambo ya pili ya ziwa, mjini Kigoma, ni kinyume chake. Kwa bc nukta ni ya desimali tu, na haina alama ya kutenga maelfu. Anayeandika 1,67 hupewa taarifa ya kosa, na anayeandika 3.000.000 vilevile. Makosa haya hayana madhara kwa sababu yanajitangaza.

Hatari iko katika 3.000. Mwanafunzi wa Kalemie anayeinakili faranga elfu tatu kutoka katika daftari la malipo kama ilivyoandikwa hapewi taarifa yoyote. Kwa bc hiyo ni tatu, yenye sifuri tatu baada ya nukta. Tena lugha huzitunza sifuri hizo kwa uaminifu:

3.000*2
6.000

Kwa macho ya Kalemie hilo ni jibu sahihi, elfu sita. Kwa bc ni sita. Kosa limejificha ndani ya jibu linaloonekana zuri, na litafichuka tu pale nambari hiyo itakapokutana na nyingine isiyokuwa na nukta: 3.000+500 hutoa 503.000. Hakuna anayefundisha bc kwa wasomaji wa Kifaransa anayeruhusiwa kuliacha jambo hili.

Kwa maneno, mambo ni magumu zaidi. Maneno “elfu ishirini na tano” huweza kueleweka kwa njia mbili, kwa kuwa haijulikani kama “na tano” imo ndani ya utawala wa “elfu” au iko nje yake:

(20+5)*1000
25000
20*1000+5
20005

Wapo wanaoitofautisha kwa kutanguliza kizidisho, wakasema “ishirini na tano elfu” kwa 25,000 na kuiacha “elfu ishirini na tano” iwe 20,005. Lakini desturi hiyo haifuatwi na wote, na katika mazungumzo pumziko la sauti ndilo linaloamua. Pumziko haliandikwi. Katika mkataba wa mkopo ulioandikwa kwa maneno pasipo tarakimu, tofauti ya 4,995 imeachiwa sauti ambayo imekwisha kunyamaza. Sarufi za Kiswahili hulitaja jambo hili kwa ufupi, kana kwamba ni udadisi tu wa wanasarufi. Lingestahili nafasi kubwa zaidi, hasa panapofundishwa uandishi wa kiofisi. Kuandika mabano ya bc kando ya kila kiasi cha maneno ni zoezi la dakika moja linalomfunulia mwanafunzi kuwa sentensi aliyodhani ina maana moja ina mbili.

Inafaa kuongeza kwamba Kiswahili cha mashariki mwa Kongo kina faida fulani hapa. Panaposemwa “makumi mbili na tano” badala ya “ishirini na tano”, hesabu iko wazi ndani ya maneno: 10*2+5. “Ishirini”, iliyotoka Kiarabu, haionyeshi sehemu zake kwa msemaji wa leo. Walimu wengi huwasahihisha wanafunzi wanaosema makumi mbili, na kwa mtihani wa Kiswahili sanifu wana haki. Wasiseme tu kwamba wanaondoa upungufu.

Ziwa na bilioni mbili

Maji ya Ziwa Tanganyika hukadiriwa kuwa kilomita za ujazo 18,900. Kilomita moja ya ujazo ina lita 1,000,000,000,000, kwa hiyo:

18900*10^12
18900000000000000

Jibu hili halina ubishi katika bc. Ubishi huanza linaposomwa kwa sauti. Aliyesomea kwa Kifaransa huita milioni elfu “miliari”, na kwake bilioni ni milioni mara milioni. Ataziita lita za ziwa bilioni 18,900. Aliyesomea Tanzania au Kenya huita milioni elfu “bilioni”, na milioni mara milioni “trilioni”. Kwake ziwa lina lita trilioni 18,900. Maji ni yale yale, ziwa ni lile lile, na nchi nne, yaani Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, zinaligawana. Ikiwa sentensi ya Kalemie itavuka maji hadi Kigoma bila kubadilishwa, “lita bilioni 18,900” itasomwa kuwa kilomita za ujazo 18.9. Sehemu 999 katika kila 1,000 za ziwa zimekauka kwa neno moja.

Dawa katika bc ni tamko la mstari mmoja mwanzoni mwa kazi, b=10^12 au b=10^9, na baada yake huandikwa 18900*b. Dawa katika Kiswahili haijapatikana. Kamusi zilizotungwa Dar es Salaam na Nairobi huchukua bilioni kuwa milioni elfu, na kwa upande wa Kongo jambo hilo lingekuwa rahisi kukubalika kama si shule, magazeti na bajeti ya serikali kuandikwa kwa Kifaransa. Mwandishi anayewaandikia wasomaji wa pande zote mbili afadhali atumie tarakimu, au aseme “milioni elfu” na “milioni milioni” hata kama ni marefu.

Faili la zaire

Wanafunzi wa historia wanaosoma nyaraka za mishahara na bei za miaka ya 1970 na 1980 huhitaji kugeuza viasi vingi kwa mpigo. Katika bc mambo hayo huandikwa mara moja ndani ya faili. Maelezo kati ya /* na */ hayasomwi na mashine, kwa hiyo yaweza kuwa ya Kiswahili:

/* zaire za kwanza kuwa faranga za 1998 */
/* viwango: 3000000 (1993), 100000 (1998) */
/* majibu yamekatwa, hayakukadiriwa */
scale=10
define z(x) {
return (x/300000000000)
}

Baada ya hapo z(5000000) hujibiwa .0000166666. Kwa scale=2 ingejibiwa sifuri, na msomaji angedhani noti kubwa kuliko zote za mwaka 1992 haikuwa na thamani kabisa. Mistari mitatu ya maelezo ni sehemu ya hesabu sawa na mistari mingine, na jedwali linalochapishwa bila kutaja viwango, scale na njia ya kukata haliwezi kuhakikiwa na mtu wa pili.

Fanksheni hii hugeuza majina ya fedha. Haigeuzi thamani. Zaire ilipoanzishwa mwaka 1967 ilibadilishwa kwa dola 2 za Marekani. Mwanafunzi akichukua faranga moja ya leo, ambayo haitoshi kununulia kiberiti, akaigeuza kuwa zaire za kwanza na kisha kuwa dola kwa kiwango cha 1967, huandika:

3*10^11*2
600000000000

Dola milioni elfu 600 kwa faranga moja, na kila tarakimu ni sahihi.